Protini ya Ghontu Yenye Vipande Vitano

Ghontu: Haloo? Nani mwenzangu?

Nibharani: Mimi. Wewe nani?

Ghontu: Pranabesh Basak hapa, maabara ya protini, Hyderabad. Nikusaidie nini?

Nibharani: Pranabesh ndiyo nani? Mimi namtaka Ghontu.

Ghontu: Shangazi! Ni mimi, jamani, kila Jumapili nakukosa. Shikamoo. Namba imekuja ngeni, nikadhani ni wale wa mikopo.

Nibharani: Marahaba. Ni simu ya Madhobi hii, mke wa kaka yako. Yangu imekufa. Unanisikia lakini? [mkwaruzo] Jirani kawasha mashine zake za kufumia, mimi hapa kama niko ndani ya bomba.

Ghontu: Nakusikia, ila sauti yako nzito. Unaongea kama mtu aliyeungua ulimi.

Nibharani: Nina tambuu mdomoni.

Ghontu: Iteme basi, tuongee.

Nibharani: Nitaitemea wapi, nimekaa kitandani? Sikia. Sitaki maneno mengi. Nimekupigia kukuambia usije.

Ghontu: Nisije wapi?

Nibharani: Phulia. Nyumbani. Usije.

Ghontu: Shangazi, tiketi ninayo. Kesho saa nne natetea tasnifu, jioni niko ndani ya treni. Nimeshaomba ruhusa, nimenunua hata—

Nibharani: Irudishe.

Ghontu: Hee! Miaka yote unalia sioni mlango wa kwetu, leo nimekata tiketi unaniambia irudishe?

Nibharani: Sikulia. Nilisema tu.

Ghontu: Ulilia mbele ya posta. Kaka aliniambia.

Nibharani: Kaka yako ana domo. Njoo wakati wa sikukuu ya Durga. Sasa hivi joto, hakuna kitu cha kula, umeme unakwenda na kurudi. Utakuja kufanya nini?

Ghontu: Kukuona.

Nibharani: Ulishaniona.

Ghontu: [anacheka] Aaa, nimekuelewa. Ni yule binti wa Ranaghat, siyo? Yule mwalimu wa hesabu. Nilipomkataa ulininunia mpaka—

Nibharani: Ndiyo. Ni huyo huyo. Nimekasirika sana. Usije.

Ghontu: Shangazi, huyo aliolewa. Uliniambia mwenyewe, ukala na harusi yake.

Nibharani: ...Basi nimekasirika kwamba aliolewa.

Ghontu: Una lako jambo wewe.

Nibharani: Sina jambo. Hebu niambie, hiyo kesho unajitetea kwa nani? Umemkosea nani huko?

Ghontu: Sijamkosea mtu. Ni mtihani. Nasimama mbele ya wazee, naeleza nilichosoma, wananitupia maswali, nikijibu naitwa daktari.

Nibharani: Daktari wa kutibu?

Ghontu: Daktari wa... wa kuitwa.

Nibharani: Haya. Nieleze basi, nijifanye mimi mmoja wa hao wazee. Lakini usinizungushe, mdomo wangu... tambuu inanichosha.

Ghontu: Kweli unataka?

Nibharani: Si unapiga mazoezi? Piga kwangu, bure.

Ghontu: Haya. Mwili umejengwa kwa seli, sawa? Vyumba vidogo vidogo.

Nibharani: Hilo hata Madhobi analijua.

Ghontu: Sasa kwa nini mtu hamwagiki? Kwa nini ngozi yako haidondoki kama unga?

Nibharani: Haidondoki? Endelea. Kwa nini?

Ghontu: Kwa sababu kila seli imeota mikono, na inashikana na mikono ya mwenzake. Mkono huo ni protini, na ndiyo kazi yangu. Utamu wake uko hapa: umejengwa kwa kipande kimoja kilichojirudia. Kipande, kiungo. Kipande kile kile, kiungo. Mara tano. Umbo moja kabisa.

Nibharani: Kama ua kwenye pindo la sari.

Ghontu: Enhee!

Nibharani: Ua, nafasi, ua lile lile, nafasi. Na wewe umelisoma miaka sita?

Ghontu: Miaka sita.

Nibharani: Lile lile moja?

Ghontu: Yanafanana, hayalingani. Na kwenye kila kiungo kuna kalsiamu. Ukiiondoa, mkono wote unalegea.

Nibharani: Yaani wanga. Uzi usipotiwa wanga haukai kwenye kitanda cha kufumia. Baba yako angekueleza hilo asubuhi moja tu, ukarudi nyumbani mchana.

Ghontu: [anacheka] Baba hakuwa na darubini.

Nibharani: Na wewe na darubini yako umegundua nini?

Ghontu: Nimegundua kwamba kati ya kipande cha tatu na cha nne mkono umepinda zaidi kuliko tulivyodhani.

Nibharani: Kona.

Ghontu: Kona, ndiyo.

Nibharani: Kubwa?

Ghontu: Ndogo.

Nibharani: Ndogo kiasi gani?

Ghontu: Haionekani kwa macho, shangazi.

Nibharani: Si ungenyamaza tu? Nani angejua?

Ghontu: Wewe ndiyo utaniua kesho, siyo wale wazee.

Nibharani: Nacheka mwenyewe— aah! Usinichekeshe, Ghontu. Naumia.

Ghontu: Unaumia wapi?

Nibharani: Mbavu. Za kucheka. [mbali na simu] Madhobi! Hapo hapo! Weka kizingitini! Usivuke, nimeshakuambia usivuke! Na majani ya jana yaondoe kwa fimbo, usiyashike!

Ghontu: Majani gani?

Nibharani: Majani? Ya mwarobaini. Ya mbu.

Ghontu: Na anaweka nini kizingitini?

Nibharani: Chakula.

Ghontu: Chakula gani?

Nibharani: We mtoto umekuwa polisi? Wali.

Ghontu: Wali gani?

Nibharani: Wa jana. Uliolowekwa.

Ghontu: Samaki?

Nibharani: Hakuna samaki.

Ghontu: Nyumba ya Basak, mchana, hakuna samaki. Wali wa baridi. Majani ya mwarobaini. Mtu haruhusiwi kuvuka mlango. Na mimi nisije. Kwetu miiko hiyo ni ya ugonjwa mmoja tu. Shangazi, ndani ya hiyo nyumba kuna mtu ana tetekuwanga!

Nibharani: Shh! Usiitaje hivyo! Usiitaje kwa jina hilo kwenye simu!

Ghontu: Kumbe ndiyo hiyo!

Nibharani: Sema Mama amekuja. Sema Mama Shitala amefika kwetu na huruma yake. Ni mungu yule, ana masikio.

Ghontu: Sawa, sawa, Mama amekuja, karibu yake. Amekuja kwa nani?

Nibharani: Kwangu.

Ghontu: Wewe? Na umri huo? [anacheka] Pole, shangazi. Pole sana. Ulivyonitisha! Nikadhani mmeuza nyumba. Kumbe tetek— kumbe Mama tu. Mimi hainipati tena, niliugua darasa la pili, umesahau? Nakuja hata kesho hiyo hiyo.

Nibharani: Huji. Mama akiwa ndani, mgeni haingii. Na dawa haiingii. Mtu anakaa peke yake na ubaridi wake mpaka Mama mwenyewe aamue kuondoka. Ndiyo desturi.

Ghontu: Mimi nilipougua ulilala kitanda kimoja na mimi. Ulinipangusa mgongo kwa majani usiku kucha.

Nibharani: Wewe ulikuwa mtoto. Huna mama. Nani angekupangusa?

Ghontu: Na wewe nani anakupangusa?

Nibharani: Mimi ni mtu mzima.

Ghontu: Haya, mtu mzima. Wiki mbili zinaisha, magamba yanadondoka, tunampikia Mama chakula chake cha baridi, anakwenda zake. Alikuja lini?

Nibharani: Muda kidogo.

Ghontu: Wiki?

Nibharani: Kidogo zaidi.

Ghontu: Shangazi.

Nibharani: Alikuja... ile sikukuu ya Saraswati ilikuwa bado.

Ghontu: Saraswati ipi?

Nibharani: Ngapi ziko kwa mwaka?

Ghontu: Lakini hiyo ni wakati wa baridi! Sasa hivi hata mwaka mpya wetu wa mwezi wa nne umepita! Huyo Mama amekuja kutembea au amehamia?

Nibharani: Usimfanyie mzaha, Ghontu!

Ghontu: Sifanyi mzaha. Tetekuwanga haikai hivyo. Hakuna tetekuwanga ya— [mkwaruzo] —wapi? Haloo? Nimekuuliza vilianzia wapi.

Nibharani: Mdomoni. Vidonda. Nikasema ni chokaa ya tambuu, nikabadilisha muuzaji. Nikaenda kwa yule mzee wa vidonge vitamu pale sokoni.

Ghontu: Akakupa nini?

Nibharani: Vidonge vitamu.

Ghontu: Vikasaidia?

Nibharani: Vilikuwa vitamu.

Ghontu: Subiri kwanza. Una vidonda mdomoni tangu baridi, na umeniambia una tambuu mdomoni sasa hivi.

Nibharani: Sijaonja tambuu tangu wakati huo. Hata maji yanauma. Ndiyo maana ya wali wa kulowekwa, unateleza.

Ghontu: Na kwenye ngozi?

Nibharani: Vilifuata baadaye. Kifuani, halafu mgongoni. Malengelenge. Hapo ndipo nikajua ni Mama. Nikawaambia wote wakae mbali, kitanda changu nikakihamishia chumba cha nyuzi.

Ghontu: Kwa hiyo aliyesema ni Mama ni wewe mwenyewe?

Nibharani: Sasa ningemuuliza nani? Wewe?

Ghontu: ...Malengelenge yenyewe yakoje? Magumu, au yamelegea?

Nibharani: Yamelegea. Kama ngozi ya juu ya maziwa. Ukiyagusa yamepasuka.

Ghontu: Na pale ambapo hakuna lengelenge? Ukipasugua?

Nibharani: Maswali gani haya?

Ghontu: Nijibu, nakuomba.

Nibharani: Panachubuka. Gaguro linapokaza kiunoni ngozi imetoka mzunguko mzima. Sasa nafunga khanga tu, kwa kulegeza. Na asubuhi nikiinuka... shuka linainuka na mimi. Namwagia maji kwanza, ndipo nalitoa. Ghontu? Upo? Hii mashine ya jirani— Ghontu!

Ghontu: Nipo.

Nibharani: Mbona kimya?

Ghontu: Naangalia kompyuta.

Nibharani: Mimi naongea na wewe unaangalia kompyuta?

Ghontu: Kuna picha hapa, shangazi. Ile ninayoanza nayo kesho, ya kwanza kabisa. Ni mgongo wa mtu, nilitoa kitabuni. Mkuu wa maabara aliniambia niipitishe haraka kwa sababu wageni watakuwa wametoka kunywa chai.

Nibharani: Mgongo wa nani?

Ghontu: Sijui. Wa mtu yeyote.

Nibharani: Ukoje?

Ghontu: Kama ulivyosema.

Nibharani: Na huyo naye alitembelewa na Mama?

Ghontu: Hapana. Sikiliza vizuri. Ile mikono niliyokueleza, inayoshikanisha seli. Kuna ugonjwa. Askari wa mwili, wale wa kupigana na wadudu, wanachanganyikiwa, wanauona ule mkono ni adui. Wanaukamata. Seli zinaachiana. Ngozi inatengana, maji yanaingia katikati. Inaanzia mdomoni. Karibu kila mara inaanzia mdomoni.

Nibharani: Hiyo mikono yako? Ile yenye maua matano?

Ghontu: Hiyo hiyo.

Nibharani: Na ugonjwa huu uliujua?

Ghontu: Ninaujua. Kila kitu nilichowahi kuandika kinaanza na sentensi yake. Maombi ya fedha, makala, tasnifu, yote. Naijua kwa moyo.

Nibharani: Nisomee.

Ghontu: Ya nini sasa?

Nibharani: Nisomee, nimesema.

Ghontu: "Protini hizi hushambuliwa na kinga ya mwili katika ugonjwa wa malengelenge ambao, usipotibiwa... ambao usipotibiwa, huua."

Nibharani: Huua.

Ghontu: Usipotibiwa, shangazi. Usipotibiwa!

Nibharani: Ukaandika hivyo, halafu ukaendelea na sentensi ya pili?

Ghontu: ...Ndiyo.

Nibharani: Ya pili inasemaje?

Ghontu: Ya pili inahusu kona.

Nibharani: [anacheka kidogo] Aah, Ghontu. Aah, baba. Mdomo wangu.

Ghontu: Usicheke, tafadhali.

Nibharani: Nilie? Umewahi kumwona mgonjwa wake hata mmoja?

Ghontu: Hapana. Sisi tunafanya na protini tu. Inatengenezwa na bakteria, ndani ya chupa.

Nibharani: Na hao askari waliochanganyikiwa wanakamata kipande kipi? Cha kona yako?

Ghontu: Hasa cha kwanza. Kile cha mbele kabisa, kinachoshikana na mwenzake.

Nibharani: Na wewe unasoma cha tatu na cha nne.

Ghontu: Cha kwanza kilikuwa kimeshachukuliwa na maabara nyingine.

Nibharani: Na dawa? Bado hamjaipata?

Ghontu: Dawa ipo.

Nibharani: Ipo?

Ghontu: Ipo! Ndiyo ninayotaka uisikie. Ipo zamani, ilikuwepo kabla sijazaliwa. Vidonge vya kuwatuliza hao askari, na sindano, na dripu ikibidi. Daktari yeyote wa ngozi atakutazama mdomo tu atakuambia.

Nibharani: Sasa kama dawa ipo tangu hujazaliwa, wewe miaka sita huko unatafuta nini?

Ghontu: Swali gani hilo sasa, shangazi?

Nibharani: Nauliza tu. Wazee wa kesho wanaweza kukuuliza.

Ghontu: Hawataniuliza hilo. Shangazi, nataka leo hii kaka akupeleke hospitali.

Nibharani: Siendi.

Ghontu: Utakwenda!

Nibharani: Wewe umeona picha, mimi niko na mwili. Itakuwaje kama ni Mama? Nimtie sindano? Mtu amekuja kwako, umfukuze na dripu? Nimemwekea nadhiri, Ghontu. Nimekaa na njaa, sijachana nywele, sijatia mafuta kichwani. Nimevumilia yote hayo ili nije niiharibu mwishoni?

Ghontu: Unakufa wewe! Unanisikia? Unakufa ukiwa na mwarobaini mkononi, na mimi kesho nasimama na tai shingoni kuwaambia watu kuna kona! Sina mlezi mwingine mimi. Baba hayupo, mama sikumjua hata sura. Ukienda wewe, namrudia nani mimi?

Nibharani: Usipige kelele. Watu wa huko watakusikia.

Ghontu: Wasikie!

Nibharani: Unalia?

Ghontu: Ndiyo, nalia. Naacha huo mtihani. Naondoka sasa hivi, nikipata ndege usiku niko hapo.

Nibharani: Thubutu! Thubutu, Ghontu, uone! Unadhani nimefunga mdomo tangu baridi kwa ajili gani? Kila Jumapili ulipopiga nilimwambia Madhobi sema amekwenda hekaluni, amekwenda kuoga, amelala. Ili umalize! Ukiacha mtihani na kuja, nakuapia sifungui mlango huu, utakufa na jua hapo nje.

Ghontu: Basi nenda hospitali.

Nibharani: Usinibane.

Ghontu: Nenda, na mimi nitaufanya huo mtihani.

Nibharani: Unanifanyia biashara?

Ghontu: Ndiyo. Na kingine: mruhusu Madhobi aingie akusaidie. Huwezi kuwa unajimwagia maji peke yako kila asubuhi.

Nibharani: Na imkamate? Una akili wewe? Yule ana mtoto mchanga!

Ghontu: Haimkamati.

Nibharani: Nini haimkamati?

Ghontu: Huu ugonjwa hauambukizi.

Nibharani: Umesemaje?

Ghontu: Hauambukizi. Ni askari wako mwenyewe na ngozi yako mwenyewe. Hautoki kwako kwenda kwa mtu.

Nibharani: Hata kwa kugusa?

Ghontu: Hata kwa kugusa.

Nibharani: Hata kwa pumzi? Kwa sahani? Kwa nguo?

Ghontu: Kwa chochote. Hilo nina hakika nalo kuliko kona yangu.

Nibharani: Tangu mwanzo hauambukizi?

Ghontu: Tangu mwanzo.

Nibharani: Kwa hiyo siku ya Tuki kulishwa wali wa kwanza...

Ghontu: Mtoto wa kaka?

Nibharani: Walimlisha mwezi uliopita. Madhobi alitaka waahirishe, nikakataa. Nikakaa huku nyuma ya mlango, kitambaa puani, nisije nikampumulia. Nilisikia vigelegele. Nikasikia wanasema ameukunja uso kwa ule wali wa maziwa, wote wanacheka. Nikawa nacheka na mimi huku. Sijamshika, Ghontu. Tangu ajue kukaa sijamshika. Anajua sauti yangu, sura yangu haijui.

Ghontu: Pole, shangazi.

Nibharani: Ningeweza kumshika?

Ghontu: Ungeweza.

Nibharani: Siku ile ningeweza kumpakata?

Ghontu: Ungeweza.

Nibharani: Na wewe ulijua! Ulikuwa unajua haya yote!

Ghontu: Hukuniambia unaumwa!

Nibharani: Hukuniambia unasoma nini!

Ghontu: Nilikuambia kila mara nilipopiga simu! Unasema nikupunguzie maneno!

Nibharani: Kwa sababu unaanza na chupa! Ungeanza na malengelenge ningekusikiliza!

Ghontu: ...Ni kweli.

Nibharani: Miezi yote hii Madhobi analeta chakula, anaondoa vyombo vyangu, na hajaota hata kipele. Kaka yako naye hivyo hivyo. Wala jirani. Mama Shitala haji nyumbani kwa mtu mmoja tu, nilipaswa kuliona hilo mwenyewe. Yule akiingia mtaa mzima unaugua.

Ghontu: Sasa unaona?

Nibharani: Naona. Nimekaa kwenye chumba cha nyuzi nikimwogopa mtu ambaye hata hakuja.

Ghontu: Kwa hiyo utakwenda?

Nibharani: Kesho na treni ya kwanza. Kaka yako atafunga duka. Leo saa hizi hospitali nitakuta wafagiaji tu. Lakini wewe utaingia mtihani.

Ghontu: Nitaingia. Na jioni nakuja.

Nibharani: Jioni uje.

Ghontu: Mwambie daktari pemfigasi, ndilo jina la ugonjwa. Nitamwandikia kaka kwenye ujumbe, amwonyeshe. Ukifika usikubali wakuambie fangasi wakakupa dawa ya kupaka. Mwoneshe mdomo kwanza, halafu mgongo.

Nibharani: Mgongo? Mbele ya mwanaume?

Ghontu: Omba daktari mwanamke, wapo wengi. Ila mwoneshe.

Nibharani: Mimi ni mjane, Ghontu. Mgongo wangu haujaonwa na mtu tangu mume wangu afe.

Ghontu: Wa yule wa kwenye picha yangu unaonwa kila mwaka na mamia ya watu, shangazi. Wewe onesha kwa mmoja tu.

Nibharani: Haya. Na wewe kesho hiyo picha usiipitishe haraka.

Ghontu: Sitaipitisha haraka.

Nibharani: Chai yao itakaa tumboni tu, watu wazima wale. Sasa niache.

Ghontu: Ngoja, sijamaliza. Usiku wa leo lala juu ya jani la mgomba lililopakwa mafuta, lisishikane na ngozi. Na—

Nibharani: [mbali na simu] Madhobi! Madhobi we!

Ghontu: Shangazi, nisikilize, bado kuna—

Nibharani: [mbali na simu] Acha hivyo vyombo! Mlete Tuki! Ndiyo, kwangu! Hapana, siyo mlangoni, ndani! Vuka! Nimesema vuka, mimi ndiye niliyekataza na mimi ndiye ninayekuita! Ghontu kasema hauambukizi, kasoma miaka sita!

Ghontu: Shangazi! Usimweke begani! Ana kucha yule, ngozi yako haiwezi! Weka mto mapajani kwanza, umlaze juu ya mto, na asikuvute shingoni—

Nibharani: Mto upo. Jamani, huyu ndiye? Huyu mkubwa hivi?

Ghontu: Umenisikia lakini? Usimbane kifuani! Shangazi?

Nibharani: Nimekusikia. Kata simu, baba. Mikono yote miwili naihitaji.